Yaya wa Wodi Aliyeitwa Mumiani

Habari hizi nilipewa na wanawake wawili, Mishi binti Abdurahim na Waridi binti Haidari, chumbani mwa Waridi hapa Pumwani, Jumapili ya pili baada ya Idi ndogo, mwaka huu wa 1957. Mishi alieleza, Waridi akawa anamkatiza. Mambo ya mwili wa mwanamke hayaandikwi gazetini ovyo, na haya yameandikwa kwa idhini ya wenyewe, na ya mwenzao wa tatu mtakayemkuta humu.

Ni saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, ambayo wagonjwa wa wodi ya wanawake huiita siku ya kisu. Mishi amekwisha kufagia, amemwaga mabeseni, amefua bendeji na kuzianika. Sasa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja kubwa ya mji huu. Ni mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye gauni la kazi la buluu na leso kichwani. Mkononi ana kipande cha bafta nyeupe kilichopigwa pasi.

Mlango unafunguka kidogo. Owino, dresa anayemsaidia daktari chumbani humo, anatoa kichwa.

"Mama Mishi, leo tena? Wewe kama mtu anangojea bucha ifunguliwe."

"Funga mdomo wako, Owino. Nipe amana ya watu."

"Daktari anasema ngoja. Hajamaliza kushona."

"Nitangoja. Sikuja kwa mbio."

Owino anaporudi amebeba beseni lenye kifuniko. Mishi anageuza uso, anasema Bismillahi, anakifunga kilichomo kwa bafta, anakunja tena juu yake, kisha anakitia katika kikapu cha ukindu. Akitoka kazini atashuka kwa miguu mpaka makaburi ya Waislamu ya Kariokor, ndipo aende kwake.

Kilichomo ni titi la mwanamke.

Mishi kwao ni Gasi, pwani ya kusini. Alikuja Nairobi na mumewe aliyekuwa mpishi wa garimoshi. Mume akafa, yeye akabaki. Mwaka wa 1949 akapata kazi ya uyaya wa wodi, na mpaka leo mshahara wake haujafika shilingi tisini kwa mwezi. Amepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo, humu humu Pumwani, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Mwenye nyumba, Mwanasiti, hukaa chumba cha mbele kabisa, na hakuna aingiaye wala atokaye asimwone.

Kazi ya kitambaa cheupe hakuajiriwa nayo. Ilimjia mwaka jana, wakati wa mvua za masika, kwa mwanamke wa Kisomali jina lake Ruqiyo, mke wa Samatar mwenye duka la nguo Islii.

Ruqiyo alikuwa na kansa ya titi iliyokwisha kupasua ngozi. Siku moja kabla ya kukatwa, alimshika Mishi mkono wa gauni.

"Dada, wewe Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Basi niambie kweli. Wakikata, wanapeleka wapi?"

Mishi hakuwa amewahi kuuliza. Akaenda kumwuliza Owino, akarudi.

"Tanuri la nyuma," alimwambia. "Pamoja na taka za wodi."

Ruqiyo akashuka kitandani, akaanza kutafuta viatu. "Basi nakufa na mwili wangu mzima. Mimi si taka."

Mishi alimsihi asubiri jioni. Akapita kwa mwalimu wa msikiti, akaambiwa kwamba kiungo kilichokatwa kwa mtu aliye hai hufungwa nguo safi kikazikwa, hakiswaliwi. Akamwambia sista, sista akamwambia daktari. Daktari ni Mzungu mrefu, si mtu wa maneno mengi. Alisema kama hilo ndilo litakalompandisha mama mezani, na achukue, isipokuwa kipande kidogo cha kutazamwa kwa darubini.

Ruqiyo akakubali, kwa sharti moja. "Usimwambie mtu. Si mume kama unaye, si jirani, si ndugu. Sitaki Islii na Majengo wazungumze kifua changu."

Mishi akaapa. Mwanamke aliyesitiriwa ni amana kama fedha ya yatima, huitoi hata ukibanwa.

Na alibanwa siku ile ile.

Mwaka jana bado Hali ya Hatari ilikuwa imetukalia shingoni. Jioni hiyo Mishi alipoteremka na kikapu, aliwakuta askari wameziba njia ya Kariokor, wanasaka watu na kukagua vitambulisho. Kila aliyekuwa na mzigo alifunguliwa. Mishi aliona askari anamwaga viazi vya mama mmoja chini, akaona na bafta yake itafunguliwa barabarani mbele ya wanaume. Akageuka. Akaenda nyumbani, akalala na mzigo apate kuuzika asubuhi.

Mwanasiti alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Una nini kikapuni, Mishi?"

"Amana ya mtu."

"Amana gani inavuja?"

Mishi akatazama chini. Kwenye saruji ya ukumbi palikuwa na tone moja jekundu. Alilifuta kwa kisigino, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango kwa komeo. Asubuhi na mapema akatoka na kikapu, akarudi nacho kitupu. Yote hayo Mwanasiti aliyaona.

Wasomaji wa mji huu wanajua maneno ya mumiani. Wanajua yanayosemwa juu ya watu wanaouza damu ya wenzao, na magari mekundu yanayosemekana kupita na kuzoa walevi. Miaka hii ambayo jirani akikutazama sana unajiuliza ataripoti nini, maneno hayo hayahitaji kuni nyingi yawake. Kabla ya Ijumaa, Majengo nzima ilikuwa imepata jibu la jambo ililokuwa ikijiuliza siku nyingi, kwamba mjane asiye na ndugu anadumuje kazini kwa Wazungu miaka yote hiyo.

Akifika bombani na debe lake, mazungumzo yanakatika. Wali aliompelekea jirani mwezi wa Ramadhani ulirudi na sahani imefunikwa vile vile. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kwa sikio ampishe Mishi njia, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo anapima kwa macho."

"Ningesema neno moja ningeokoka," anasema Mishi. "Lakini neno lenyewe halikuwa langu."

"Ungesema, mimi ningekucheka," Waridi anamkatiza. "Nani angeamini? Mtu anazika titi! Ungezidisha tu."

Waridi alikaa chumba kinachoelekeana na cha Mishi. Ni mjane pia, mshonaji wa kofia za viua, na kofia zake huvaliwa mpaka Machakos. Mwaka jana alianza kujifungia. Alifukiza udi tangu alfajiri mpaka magharibi, moshi ukawa unatambaa chini ya mlango. Mwanasiti alisema Waridi ana jini anayedai. Wengine walisema anaficha bwana.

Mishi anaeleza kwa maneno machache. "Udi niliusikia. Chini ya udi nikasikia wodi."

Siku moja adhuhuri akaenda kubisha.

"Waridi, nifungulie."

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

"Basi nimekufa. Umekuja na kikapu?"

Mishi akakaa chini ukumbini, mgongo ukutani. "Liko upande gani?"

Waridi akashusha sauti, "Nani kakwambia?"

"Pua yangu."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho. Waridi alisema lilianza kama punje ya kunde, sasa mwaka wa pili. Alilikanda kwa mafuta ya nyonyo. Akanywa kombe, maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji. Akaenda kwa mganga wa Shauri Moyo aliyemhakikishia ni husuda, akalichanja kwa wembe, na tangu hapo likachachamaa, likafunguka, likawa na mdomo kama pakacha lililotoboka. Harufu yake ilimfukuza barazani, harusini na msikitini. Usiku alilala ameketi.

"Twende hospitali," Mishi alisema.

"Nani, mimi na wewe? Ili uniweke kikapuni? Unadhani sijui? Yule mke wa Samatar wa Islii alikwenda kwa titi, akarudi na paja limechunwa. Aliyekuwa akimfunga dawa nyumbani ndiye aliyetoa habari. Titi na paja, wapi na wapi? Au ngozi nayo ina bei yake?"

"Kofia yako ikiliwa na panya, ukivuta kitambaa kisifike, unafanyaje?"

"Naweka kiraka."

"Unakitoa wapi?"

"Penye pindo, pasipoonekana."

"Basi. Donda likiwa pana, ngozi ya kifua haikutani. Hutoa ngozi nyembamba pajani, mfano wa ganda la kitunguu, wakaitandika pale. Paja hupona likafunika."

Waridi alifikiri. Kisha akasema, "Kofia haina damu ya kuuzwa," akafunga mlango.

Hapo Mishi akaona kwamba aliye na ufunguo si yeye. Kesho yake alikwenda Islii. Ruqiyo alikuwa nyuma ya meza ya duka anapima kitambaa, akamwona, akaweka mkasi chini.

"Umetaja jina langu?"

"Sijataja."

"Apa."

"Wallahi sijataja. Nimekuja kukuomba ulitaje wewe."

Mishi akamweleza habari za Waridi, na habari za Majengo, na akafika kwenye usiku ule wa askari. Ruqiyo akamsimamisha kwa mkono.

"Lililala kwako?"

"Chini ya kitanda changu. Nami sikulala."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Na nilipopona?" Ruqiyo alisogeza kitambaa kando. "Mishi, mimi nina neno nilikuwa nimelimeza. Nilikuwa nimelazwa, kichwa kimejaa dawa. Nilijuaje kwamba ulizika? Nilikuamini kwa sababu sikuwa na mwingine. Sasa naambiwa lilikwenda mahali kwanza. Nataka kuona."

Waridi naye, aliposikia kwamba mke wa Samatar mwenyewe atakuwapo, akakubali kwenda. Ndivyo wanawake watatu walivyokutana Kariokor siku ya Alhamisi: Ruqiyo na buibui lake, Waridi amejifunga leso tatu kifuani na karafuu mdomoni, na Mishi mbele akiongoza. Kila mmoja alitembea mbali kidogo na mwenzake.

Mishi aliwapeleka kwenye pembe, karibu na ua. Masika yalikuwa yamepita, vuli zimeanza. Udongo ulikuwa umekaa sawa, majani yamefika magotini.

"Ni hapa," alisema. Akasogea. "Au hapa. Palikuwa na kichuguu kidogo."

"Hapa au hapo?" Ruqiyo aliuliza.

Mishi akainama, akapapasa udongo kwa viganja.

Waridi alicheka, kicheko kikavu. "Nimetembea na donda kutoka Majengo nije nionyeshwe majani."

Ruqiyo alipita huku na huku akisukuma nyasi kwa mguu. Hakuona kitu. Mchimba kaburi wa siku hizo alikuwa amekwisha kwenda kwao. Wote watatu wakabaki wamesimama, na Mishi anasema hapo ndipo alipotamani kuacha kazi ya watu na kurudi Gasi kusuka makuti.

"Sina la kuwaonyesha," alisema mwishowe. "Waridi, usiniamini. Njoo hospitali hivyo hivyo, bila kuniamini."

"Nije vipi?"

"Ruqiyo asimame mlangoni badala yangu. Kitambaa kiwe chake, kikapu chake, achimbe mwenyewe akiona. Mimi nitashika ufagio wangu mwisho wa ukumbi. Nikisogea, pigeni kelele."

Waridi akamgeukia Ruqiyo. "Na wewe, nitajuaje kama si mwenzake?"

Ruqiyo aliushika mkono wa Waridi, akauingiza chini ya buibui, akauweka kifuani pake palipokuwa tambarare, penye mshono na kiraka. Waridi akaupapasa kwa vidole vya mshonaji, taratibu, kutoka bega mpaka mbavuni.

"Waliposhonea hapa wamevuta sana," alisema.

"Wamevuta," Ruqiyo akajibu. "Lakini nalala chali."

Wiki iliyofuata Waridi alikuwa mbele ya daktari, na Owino akitafsiri.

"Daktari anasema hii donda imekaa siku mingi. Mizizi imeingia kwapa. Yeye hataki kudanganya wewe: kumaliza yote hawezi. Lakini atatoa donda, harufu itaisha, maumivu itapungua, na wewe utakaa na watu."

"Mwulize, nitaishi?"

Owino akauliza. Daktari akatikisa kichwa kidogo, akasema.

"Anasema hajui."

Waridi alimkazia macho yule Mzungu. "Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui," alisema. "Waganga wote walijua." Akatia kidole gumba kwenye wino, akapiga alama ya kukubali kukatwa.

Siku ya kisu, Ruqiyo alifika mapema na bafta kutoka dukani kwake, ambayo haijaguswa na mtu. Mishi alikuwa mwisho kabisa wa ukumbi anafagia. Anasema alifagia mahali pamoja mpaka sista akamwuliza kama amepoteza pete.

Owino alipotoka na beseni alishangaa. "Leo ni mwingine? Mama Mishi amefukuzwa?"

"Fungua nione," Ruqiyo alisema.

"Mama, hii si kitu ya kuangalia."

"Langu nilikwisha kulitoa bila kuangalia. Fungua."

Alitazama, akatikisa kichwa, akafunga. Kisha akanyosha kidole ndani ya mlango. "Na kile cha ndani ya chupa?"

"Ya darubini."

"Darubini ikishiba, nirudishiwe."

Owino alirudi ndani huku anacheka. Alipotoka hakuwa akicheka. "Daktari anasema sawa. Kuja baada ya wiki mbili."

Ruqiyo aliurudia ule ukumbi baada ya wiki mbili, akapewa. Vyote viwili alivizika mwenyewe, na safari hii akasimamisha kipande cha tofali juu yake.

Waridi alikaa wodini zaidi ya mwezi. Kiraka kilishika, isipokuwa pembe moja iliyochelewa ikawa inafungwa dawa kila siku. Alipita mikononi mwa Mishi asubuhi na jioni kama wagonjwa wengine, aoshwe, abadilishwe shuka. Kila mara alimwuliza, "Na hayo maji unayamwaga wapi?" Na kila mara Mishi alimwonyesha.

Waliporudi Majengo pamoja, Mwanasiti alikuwa mlangoni pake. Aliwatazama mmoja mmoja, na Ruqiyo nyuma yao aliyewasindikiza.

"Sasa wamekuwa watatu," alisema, kama anayeuambia mchele wake.

Siku chache baadaye alimwita Waridi. "Mbona udi umekwisha?"

"Haja yake imekwisha, Bi Mwanasiti."

"Hm," akasema Mwanasiti. Mpaka leo anasema hivyo hivyo, na bombani bado wako wanaompisha Mishi njia. Waridi aliwaambia wawili watatu ukweli wake mwenyewe, kwa kuwa ni wake. Mmoja aliamini. Mwingine alimwuliza amelipwa kiasi gani kusema hivyo.

Daktari humtazama Waridi kila mwezi. Kwapani kuna kitu kidogo tena, kama ncha ya kidole, na kisu hakitatosha milele. Hilo amekwisha kuambiwa. Lakini Maulidi yajayo ameazimia kukaa mstari wa mbele, katikati ya wanawake, si mlangoni. Amekwisha kuanza kofia ya mtoto wa dadaye atakayesoma.

Mishi naye ana lake. Amemwomba metroni, mkuu wa manesi, benchi moja, liwekwe nje ya chumba cha upasuaji, ili kila mwanamke anayekatwa aje na mtu wake wa kukaa pale na kushuhudia. Asiye na mtu, Mishi atamkalia. Metroni hajajibu. Wazee wa makaburi nao wameombwa pembe yenye mpaka unaoonekana, na wanasema watakutana.

"Sitaki waniamini," anasema Mishi. "Kuniamini kutawachelewesha. Mwenye shaka aje na shaka yake, tutaipa kiti."

Yaliyobaki ni ya mchana ule wa kwanza Waridi alipotoka hospitali, na aliyasimulia yeye peke yake.

Nesi alikuwa ameagiza asilalie upande wa kiraka, na kwamba mtu amwangalie. Mishi akatandika mkeka chumbani mwake, chini ya dirisha. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia juu.

"Haya lala," Mishi alisema.

"Lala wewe kwanza."

"Mimi mzima, nilale nini mchana?"

"Mzima wa wapi na macho mekundu hayo? Mimi silali mbele ya mumiani."

"Basi tutakesha mchana, wewe na mimi."

Waridi akacheka, mshono ukamvuta, akamtukana. Mishi akajinyosha kidogo tu, alisema, apumzishe mgongo. Punde si punde alikuwa anakoroma, mdomo wazi, viganja vimegeukia juu, vimechanika kwa magadi na dawa ya kuoshea sakafu.

Waridi alimtazama. Alingoja aone kama ni hila. Alikohoa, akamwita jina, akaangusha kibweta cha nyuzi alichokuja nacho. Mishi hakutikisika.

Ndipo Waridi akazifungua zile leso alizokuwa akijifunga kifuani mchana na usiku, moja moja, akazikunja akaziweka miguuni. Upepo wa dirishani ukampiga. Akajilaza chali polepole, akasikiliza mkoromo wa Mishi, na yeye naye akalala.